Elimu kwa Umma: Chakula Halisi, Ngozi na Afya Yako. Majibu kwa Maswali ya Wakazi wa Kadutu

Maswali kuhusu ngozi ni mengi katika familia zetu: chunusi zisizoisha, ngozi kavu ya mtoto, mabaka yaliyobaki baada ya kutumia krimu za kung'arisha. Wengi hutafuta jibu kwenye vipodozi, ilhali sehemu kubwa ya jibu hupangwa kila asubuhi katika soko la Kadutu, hapa Bukavu: mafungu ya lengalenga na sombe, maharage, sambaza, viazi vitamu, maparachichi. Maelezo haya yanaonyesha jinsi vyakula hivyo vinavyoilinda ngozi na mwili mzima, namna ya kuvitayarisha kwa usalama, na wakati ambapo chakula peke yake hakitoshi na mgonjwa anapaswa kufikishwa kwenye kituo cha afya.

KUELEWA CHAKULA NA NGOZI

Chakula halisi ni kipi?
Ni chakula kinachokufikia kikiwa bado karibu na kilivyotoka shambani, mtini, ziwani au kwa mfugo: mboga za majani, matunda, maharage, mahindi na mtama visivyokobolewa, viazi, mayai, samaki na maziwa. Kukikausha, kukisaga au kukichemsha hakukiondolei sifa hiyo. Kinachokibadilisha ni kukikoboa mpaka kibaki wanga mtupu, au kukiongezea sukari, chumvi, mafuta, rangi na ladha za kiwandani.

Je, kila kilichopita kiwandani ni kibaya?
La. Mwaka 2009 mtafiti Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza vyakula vigawanywe kulingana na usindikaji, yaani kazi inayofanywa juu ya chakula kabla hakijamfikia mlaji. Kundi la kupunguza ni lile lililosindikwa kupita kiasi: soda, biskuti, pipi, chipsi za pakiti na vitafunwa vya aina hiyo. Sadini za mkebe, maziwa ya unga yasiyotiwa sukari na chumvi yenye iodini havimo katika kundi hilo, na vinaweza kuisaidia familia.

Ngozi inahusianaje na ninachokula?
Ngozi hujijenga upya daima: seli changa huzaliwa ndani na kupanda juu, safari inayochukua takriban wiki nne hadi sita. Kazi hiyo inahitaji protini, yaani virutubisho vya kujenga mwili, pamoja na mafuta, vitamini A, C na za kundi B, na madini ya chuma na zinki. Vikipungua, ngozi hukauka, vidonda huchelewa kupona, fizi hutoka damu na viganja hupauka.

Nikibadilisha chakula leo, nitaona mabadiliko lini?
Jipe angalau wiki sita hadi kumi na mbili, kwa kuwa ngozi unayoiona leo ilianza kujengwa wiki kadhaa zilizopita. Mabadiliko mengine huja mapema zaidi: choo kuwa laini, na njaa kutorudi haraka baada ya mlo. Anayekuahidi ngozi mpya kwa siku tatu anakuuzia ahadi ambayo mwili hauwezi kuitimiza.

Je, sukari huleta chunusi?
Chunusi za ujana huanzishwa hasa na homoni, yaani kemikali za mwili zinazoamrisha ukuaji, kwa hiyo kijana mwenye chunusi si mchafu wala hana kosa. Hata hivyo sukari nyingi na wanga uliokobolewa hupandisha insulini, homoni inayoratibu sukari ya damu, nayo huichochea ngozi kutoa mafuta zaidi. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2007, vijana waliopunguza vyakula vya aina hiyo kwa wiki 12 walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao. Miaka mitano kabla, watafiti walikuwa wameripoti kwamba hawakuona chunusi miongoni mwa wakazi waliowachunguza katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambao waliishi kwa viazi, matunda, nazi na samaki.

Nimesikia kwamba karanga, parachichi na mawese huharibu uso. Ni kweli?
Wasiwasi huo unaeleweka, maana chunusi zenyewe zina mafuta. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba mafuta yaliyo ndani ya karanga au parachichi ndiyo yanayozileta. Mwili unayahitaji ili uweze kunyonya vitamini A na kuilinda ngozi isikauke. Mawese mekundu yana karotini, rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila yatumike kwa kiasi kwa sababu yana nguvu nyingi. Usiyaache motoni mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, kwani rangi inayopotea ndiyo faida yenyewe.

DALILI ZINAZOONEKANA KWENYE NGOZI

Mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu na ngozi inabanduka. Jirani anasema ni karuho, yaani sumu. Tufanye nini?
Tunaelewa kwa nini familia huhofia sumu: mtoto huvimba, hunyong'onyea na kukataa kula, na hakuna anayeona chanzo. Lakini dalili hizi ni za utapiamlo mkali uitwao kwashiorkor, ambao katika nchi ya Bushi unajulikana kama bwaki. Ulikuwa tishio kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1960 ilianzishwa hapa Bukavu taasisi yenye jina hilo hilo, Comité Anti-Bwaki. Hutokea mtoto anapoishi muda mrefu kwa chakula cha aina moja, na mara nyingi hujitokeza baada ya surua au kuhara.

Unaweza kumpima mtoto nyumbani. Bonyeza kwa vidole gumba upande wa juu wa nyayo zake zote mbili, hesabu sekunde tatu, kisha ondoa vidole. Vishimo vikibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mnene. Usimpe dawa ya kumtapisha wala ya kumharisha, kwa sababu mwili wake tayari umepungukiwa na nguvu na chumvi muhimu.

Bugali tunakula kila siku na tunashiba. Kwa nini hautoshi?
Kushiba na kulishwa ni mambo mawili. Anayeishi kwa mahindi karibu matupu hukosa niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, na anaweza kupata pelagra: ngozi huwa nyeusi na kubanduka shingoni na mikononi, mahali jua linapofika, kisha hufuata kuhara na kuchanganyikiwa. Ugonjwa huu uliwakumba watu wengi huko Kuito, Angola, mwaka 1999 na 2000, mji ulipozingirwa na vita na watu wakategemea mahindi ya msaada. Maharage, karanga, samaki au nyama kidogo pembeni ya bugali huuzuia.

Je, chumvi isiyopita kiwandani ni bora zaidi?
Hapana, na hapa kanuni ya chakula halisi ina mpaka wake. Chumvi inayopendekezwa ni ile iliyoongezewa iodini, madini ambayo tezi ya shingo huyahitaji ili kuendesha mwili. Yakikosekana shingo huvimba, ngozi hukauka na kuwa nene, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili. Kisiwa cha Idjwi, hapa kwetu katika Ziwa Kivu, kilijulikana duniani kwa utafiti wa ugonjwa huo, ambao ulionyesha pia kwamba mihogo isiyotayarishwa vizuri huongeza upungufu wa iodini. Nunua chumvi yenye iodini, ihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa, na mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye kubu za kuungia mchuzi.

Nimetumia krimu ya kung'arisha na sasa nina mabaka. Je, matunda yatayaondoa?
Chakula bora hukisaidia kidonda kupona, lakini hakiiondoi sumu iliyokwishaingia. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, inayodhuru figo na kumfikia mtoto tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, inayoweza kuacha mabaka meusi ya kudumu, au dawa za kortizoni zinazoidhoofisha ngozi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 unapinga vipodozi vyenye zebaki. Acha krimu yenye zebaki mara moja. Kama umetumia ya kortizoni muda mrefu, muone mhudumu wa afya akuongoze namna ya kuiacha, na uende na kopo lake. Hakuna atakayekulaumu.

SOKONI NA JIKONI

Vyakula hivi si vya matajiri?
Vingi ni vya bei nafuu kuliko vile vya pakiti, ukilinganisha kinachobaki mwilini. Sahani ya bugali, maharage, fungu la lengalenga lililopikwa kwa mawese kidogo na sambaza wachache ina karibu kila ambacho ngozi inakihitaji, na tunda la msimu huikamilisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima; kipato kisiporuhusu zote, anza na mboga ya majani kila siku, kwa sababu ndiyo inayotoa faida kubwa kwa fedha kidogo.

Sambaza wadogo wana faida gani kuliko samaki mkubwa?
Sambaza huliwa mzima, hivyo familia hupata protini pamoja na kalsiamu, madini ya kujenga mifupa, yaliyomo katika miiba yake. Samaki huyu aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mojawapo ya protini zinazopatikana kwa urahisi hapa mjini. Chagua waliokauka vizuri, wasio na ukungu wala harufu kali. Wabichi wapike siku ile ile.

Maharage yanamaliza makaa. Tufanyeje?
Yachambue na kuyaosha jioni, yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, kisha mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya, sufuria ikiwa imefunikwa. Muda wa kupika hupungua sana na tumbo halijai gesi kama kawaida. Ukipika mengi kwa pamoja, yale ya kesho yaache yapoe, yafunike, na yachemshe tena mpaka yatokote kabla ya kuyala.

Sombe na lengalenga zipikwe muda gani ili zisipoteze faida?
Mboga hizi mbili hazifanani. Majani ya muhogo yana asili ya sumu, kwa hiyo sombe lazima itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko. Lengalenga haihitaji hivyo: ioshe kabla ya kuikata, ipike dakika chache tu, na usiyamwage maji yake, maana sehemu ya vitamini imo humo.

Mihogo ni chakula cha asili. Inawezaje kudhuru?
Si kila cha asili ni salama kikiwa hakijatayarishwa. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sianidi, sumu kali. Watu wanaoila kwa wingi bila kuiloweka ipasavyo, na bila protini ya kutosha, wanaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na hauponi. Umeripotiwa katika mkoa wetu, huko Burhinyi katika wilaya ya Mwenga. Loweka mihogo michungu siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kisha ianike ikauke kabisa.

Kama huna hakika na unga ulionunua, kuna njia ya kuongeza usalama. Weka unga kwenye beseni na uweke alama pale ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga, unga utashuka kwanza, na utakaporudi kwenye alama yako acha kuongeza. Utandaze mwembamba juu ya mkeka safi kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iondoke hewani, kisha upike bugali siku hiyo hiyo.

Karanga na mahindi yenye ukungu, nikiyaosha na kuyakaanga yanafaa?
Hayafai. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu kuvu iitwayo aflatoksini, ambayo haiishi kwa kuoshwa wala kwa moto wa jikoni na hudhuru ini. Mwaka 2004 mahindi yaliyoshambuliwa na ukungu huo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Tupa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu, na usizitumie kutengeneza unga wa uji wa mtoto.

Mboga na matunda mabichi tuyaoshe vipi, hasa maji ya bomba yanapokatika?
Kipindupindu bado kipo katika mkoa wetu, na maji ya ziwa au ya mfereji yasiyotibiwa yanaweza kukieneza. Tumia maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, au yaliyochemka mpaka kutokota kwa dakika moja au zaidi. Osha kwanza mikono kwa sabuni, kisha mboga. Matunda yenye ganda yaoshe kabla ya kuyamenya.

Soda moja kwa siku ina ubaya gani?
Chupa ya sentilita 33 mara nyingi ina gramu 30 hadi 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye 25, kwa hiyo chupa moja tayari imevuka kiwango hicho bora. Maji safi yanatosha kukata kiu, na tunda la marakuja au chungwa lililoliwa zima ni bora kuliko juisi iliyotiwa sukari.

Mtoto mchanga apewe nini?
Miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji. Kuanzia hapo aongezewe chakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi: uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, hufaa, pamoja na sambaza waliosagwa, yai, parachichi au kiazi kitamu cha rangi ya chungwa. Biskuti iliyolowekwa kwenye chai hujaza tumbo bila kumjenga.

HAKI ZAKO NA UTARATIBU

Je, naweza kuacha dawa nikila vizuri?
Hapana, usiache dawa ya kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au UKIMWI bila ushauri wa aliyekuandikia. Chakula bora huisaidia dawa kufanya kazi. Hakichukui nafasi yake. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aulize kwanza ni vyakula gani vinamfaa, kwa sababu hata matunda yana kipimo chake.

Ni matatizo gani ya ngozi ambayo chakula hakiyatibu?
Upele unaowasha usiku na kuenea nyumba nzima, fangasi, na mabaka yaliyofifia yasiyosikia ukiyagusa, ambayo yanaweza kuwa ukoma, vyote vina dawa zake. Ukiona malengelenge au vidonda pamoja na homa na mitoki, yaani uvimbe wa tezi shingoni au kinenani, inawezekana ni mpox, ambayo aina yake mpya iligunduliwa Kamituga katika mkoa wetu mwaka 2023. Epuka kugusana ngozi kwa ngozi na wengine, funika vidonda na uende kwenye kituo cha afya. Ugonjwa huu si laana wala aibu.

Mtoto anapimwa wapi na kwa gharama gani?
Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe katika eneo la afya la Kadutu siku ya kupima watoto, au muulize RECO, mhudumu wa afya wa jamii, wa mtaani kwako. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na anahitaji matibabu ya haraka, kati ya hapo na 12.5 ni njano na anahitaji kufuatiliwa, kijani ni salama. Kwa utaratibu wa taifa, matibabu ya utapiamlo mkali hutolewa bure, pamoja na chakula-dawa, ile karanga iliyosagwa na kuongezewa maziwa na vitamini. Hakipaswi kuuzwa, na ni cha mtoto mgonjwa peke yake. Watoto wa umri huo hupewa pia vitamini A kila miezi sita.

Nina haki gani kama mlaji?
Kifungu cha 47 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Una haki ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, kukataa mkebe uliovimba au kupata kutu, na kueleza malalamiko kwa ofisi ya OCC, shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa. Ukiambiwa ulipie huduma iliyo bure, omba maelezo kwa mkuu wa kituo, kisha kwa ofisi ya eneo la afya.

MAMBO YA KUSHIKA

Kila siku weka katika sahani mboga ya majani, maharage au samaki, mafuta kidogo, na tunda unaloweza kulipata. Loweka na pika mihogo ipasavyo, tupa chenye ukungu, tumia chumvi yenye iodini na maji salama. Mtoto akivimba miguu, akikataa kula au akishindwa kunyonya, na mtu yeyote akipata vidonda vya ngozi pamoja na homa, usisubiri wiki za kubadilisha chakula: nenda kwenye kituo cha afya leo.